Siku Niliyolala Chini Nikipima Gari la Wenyewe

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa vile nyinyi ni watu wangu, na najua wengine mmeshasikia ile hadithi ya uongo inayozunguka Buruburu kwamba nilifumaniwa nikiroga gari la mtu, afadhali mpate ukweli kutoka kwangu mwenyewe. Sikuwa naroga. Nilikuwa napima.

Mnajua mimi ni fundi wa nguo, nina kibanda changu pale karibu na maduka, nashona yunifomu za shule. Mtoto nina mmoja, Brian, na baba yake alituacha zamani (simaanishi alikufa, yuko Donholm, mtaa wa jirani, na ana afya nzuri kabisa). Brian alipopata kazi ya unesi huko Ujerumani nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, halafu nikarudi nyumbani nikakuta kimya kimekaa kwenye kiti chake. Aliacha ile mashine yake ya gemu chini ya televisheni, nami nikaanza kuiwasha jioni ili nyumba iwe na kelele kidogo, magari yakinguruma huku nikipika mboga za sukuma, kisha siku moja nikashika ile rimoti ya kuendeshea, na kabla ya mwaka kuisha nilikuwa nakata kona kwa spidi mia mbili, mimi ambaye gari la kweli sijawahi kuendesha hata kulitoa kwenye geti.

Sasa, Brian hunipigia Jumapili. Zamani ilikuwa umekula, nimekula, kazi iko aje, kazi iko poa, haya mum, bai. Dakika tatu. Lakini nilipoanza kumweleza mambo ya gemu simu zikarefuka, na Jumapili moja nikamwambia, "Brian, lile gari jekundu la milango miwili wamelichora vibaya. Limeinuka sana. Kati ya tairi na bodi ngumi yangu inapita. Kuna moja kama hilo huegeshwa hapa kwa maduka kila Jumamosi, na limelala chini, likipanda bampu la barabarani linakwaruza mpaka meno yanauma."

Brian akacheka. Si kile kicheko cha kunipa heshima, alicheka kwa tumbo, kama alivyokuwa akicheka akiwa darasa la nne.

"Mum! Hao watu hupima magari na mashine, hawawezi kukosea. Leta ushahidi."

Mtu mwenye akili angecheka naye na kuyaacha hapo. Mimi nilikaa wiki nzima nikingoja Jumamosi.

Gari likaja, mwenyewe akashuka na kupotea madukani, na mimi nikatoka kibandani na tepu yangu ya kupimia shingoni, nikijiambia ni dakika moja tu. Nikaanza na pale juu ya tairi: vidole viwili ndivyo vilivyopita, si ngumi. Ningeondoka wakati huo ningekuwa mtu mwenye heshima zake hadi leo. Lakini nilitaka pia kujua tumbo la gari liko juu kiasi gani kutoka chini, na ukichuchumaa huwezi kusoma tepu vizuri, hasa macho yakiwa haya yangu, basi nikatandika leso yangu ya kujifunga, nikaangalia huku na huku, nikalala. Mama mzima wa miaka hamsini na mbili, shavu chini, mkono mmoja chini ya gari.

Nikasogea kidogo ili nione namba. Wigi langu (lile jipya, la kwenda kanisani, sijui shetani gani aliniambia nilivae kazini) likanasa kwenye plastiki iliyo chini ya mlango. Nikavuta polepole, likakataa. Nikavuta kwa nguvu, gari likatikisika na king'ora kikaanza kulia.

Watu wakatoka kila mahali. Waliokuwa kwa kinyozi wakatoka na povu mashavuni, wa kuosha magari wakaja na matambara yao, na soja anayelinda maduka akafika mbio na rungu.

"Wee mama! Toka hapo chini!"

"Siwezi!"

"Huwezi kwa nini?"

Ningemwambiaje mwanamume, mbele ya watu, kwamba ni wigi? Nikajichomoa, na wigi likabaki. Nikasimama na nywele zangu za twende kilioni, zilizosukwa wiki tatu nyuma, vumbi upande mmoja wa uso, tepu mkononi.

"Ulikuwa unafanya nini?" soja akauliza.

"Napima."

"Unapimia nani?"

"Ni... ni mambo ya gemu."

Walicheka, jamani. Mmoja akasema naiba vipuri, mwanamke mmoja akasema hapana, hiyo ni dawa, tazameni leso, tazameni nywele ameacha chini ya gari, na hapo vicheko vikapungua na watu wakaanza kunisogelea kwa namna nyingine. Niliogopa. Miaka kumi na minne niko pale na nilipotazama zile nyuso nikaona nazijua kwa vipimo tu, kiuno cha huyu, bega la yule, na hakuna hata mmoja aliyesema, huyu namjua, mwacheni.

Mwenye gari akatokea saluni, msichana wa kama miaka thelathini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nywele zimesimama. Anaitwa Wangui. Akazima king'ora, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi mpigie huyo kijana wako. Weka loudi tusikie wote."

Nikapiga. 

"Mum, niko kazini, kuna nini?"

"Brian, hebu waambie hawa watu habari ya lile gari la kwenye gemu, waambie uliniambia nipime."

Nikamsikia akisogea mbali na watu. Halafu, "Mum, umepima kweli? Mimi hata hiyo gemu sijui siku hizi inakaa aje. Nilikuwa naitikia tu ili ufurahi. Nitakupigia, sawa?"

Simu ikakatika. Na hapo, rafiki zangu, hakuna aliyecheka. Ningeomba wacheke. Soja alishusha rungu akatazama viatu vyake, yule mwanamke wa dawa akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Wangui alipiga magoti, akalitoa wigi, akalikung'uta kwa upole kana kwamba ni kuku mgonjwa. "Sasa pima, mum," akasema. "Umeshateseka." Akashika tepu upande mmoja. Kutoka chini hadi tumbo la gari, inchi nne na nusu. Akaniapia gari halijashushwa, liko vile lilivyotoka kiwandani. Nilikuwa sahihi kabisa, gemu ndiyo iliyokosea, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Kesho yake Brian alipiga mapema. "Mum, pole. Eh, ile gari, ilikuwa inchi ngapi?"

"Achana na gari," nikamwambia. "Mimi nimekukumbuka, Brian. Hiyo tu."

Nikamsikia akivuta kiti. Kisha akasema, "Hapa wikendi nikiwa sina zamu naweza kuimaliza yote bila kuongea na mtu, mum. Nikitoka kazini Ijumaa nafunga mlango hadi Jumatatu."

Nilikuwa sijui. Miaka miwili ya umekula nimekula na mambo ya gemu, na nilikuwa sijui.

Kwa hivyo nimeapa: gari la mtu sitalilalia tena, na wigi la kanisani litabaki la kanisani. Na nikitaka sauti ya mtoto wangu, namwambia hivyo hivyo bila kutafuta sababu. Siku nyingine maneno yanatuishia, lakini hatukati simu. Yeye anaosha vyombo vyake huko, mimi nachambua mchele wangu hapa, na simu iko katikati ya meza.