Boti Moja, Mafundi Wawili

Mwanangu, kuna Jumamosi moja hapa Buffalo ambayo haijanitoka, ingawa siku hizo nywele zangu zilikuwa nyeusi na leo unaziona. Nikikosea hapa na pale unisamehe. Shule yangu ilikuwa ya kambini, chini ya turubai, na kumbukumbu yangu nayo ina viraka.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa ziwani kule Rumonge kabla vita havijatusukumia Tanzania. Tulipoletwa Amerika alikaa dirishani majira yote ya baridi, akitazama theluji kama mtu anayesubiri basi lisilokuja. Hakuwa mgonjwa. Alinyamaza tu. Basi mzee mmoja wa kiwandani kwetu, alipohamia majimbo ya joto, akaniachia boti yake ndogo ya mbao. Baba aliizunguka akiigonga kwa vidole, kisha akasema, "Joto likija, nitakaa majini." Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima. Nikaapa moyoni kwamba atakaa.

Lakini boti ilikuwa imelala nchi kavu muda mrefu. Mbao zilikauka zikaachana hata mwanga ukawa unapenya. Nikamtafuta fundi wa boti kule mtoni, Bwana Ray, ambaye hakuwa na kazi nyingine tangu ujana. Alilala chini akaikagua, akachomeka kisu kidogo kwenye mataruma, zile mbavu za ndani zinazoshika mbao, akanionyesha zilizooza. Alisema ataanza na hizo, na kwamba nisiguse kitu mpaka arudi. Tukapeana mikono.

Sasa, kwetu sisi, ukiwa na kazi na ndugu wa kanisani anaiweza, kumwita mtu wa nje ni kumwambia mbele za watu kwamba humwamini. Na kanisani palikuwa na Elia, Mkongo wa mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa letu, mjenzi wa mitumbwi. Aliposikia habari ya boti hakungoja kuitwa. Tukiwa tunatoka ibadani akanishika bega.

"Bon, kaka, miye nimezaliwa mu mtumbwi. Kuko mzungu anaweza kunifundisha maji?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, nikashindwa kusema kwamba kazi nimeshampa mwingine. Ndugu yangu wa Louisville naye akapiga simu kunikumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa. Dada yangu wa Columbus peke yake ndiye aliyenionya. "Mimi nilimpa shemeji anitengenezee gari," alisema. "Leo sina gari, na shemeji hanisalimii."

Sikumsikia. Nilitaka kila mtu aniridhie, na anayetaka hivyo huishia kumdanganya kila mtu. Jumamosi ile nikamfungulia Elia gereji ilimokuwa boti, bila kumwambia habari ya Bwana Ray. Alikuja na wanaume wawili wa kwaya, wakaikalafati boti nzima, wakishindilia pamba kwa nyundo katika kila mwanya, huku wakiimba. Niseme haki: ilikuwa kazi safi. Sijaona tena mkono mwepesi kama ule.

Bwana Ray alipokuja, wao wakiwa wameshaondoka, alipitisha kidole juu ya pamba, akaweka sanduku lake la vifaa chini. Hakufoka. Alinieleza polepole kwa ajili ya Kiingereza changu. Mbao iliyokauka namna ile ikiingia majini hunywa na kuvimba. Mianya ikiwa imeshindiliwa mpaka mwisho, mbao hazina pa kwenda. Zitasukumana, zing'oe misumari, zivunje mbavu, na mbavu zenyewe mbovu. Boti ingeweza kufunguka katikati ya mto, baba akiwa ndani. Akasema pamba itoke yote, au yeye aende zake.

Baba alikuwa mlangoni, mzaliwa wangu wa kwanza akimtafsiria. Akaniuliza kama Elia alijua kwamba nimeagana na mtu huyu. Nikasema hapana. Na huyu, je, aliambiwa habari za Elia? Hapana tena.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Umewafanya mafundi wawili waonekane wajinga, na wote wawili wana akili. Nenda kwa Elia leo, kabla hujala."

Nilikwenda. Njiani nilijiambia: hata akinifukuza, pamba ile itatoka. Nilimkuta sebuleni. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, la ahadi niliyoficha na la mbao kuvimba. Mkewe akaacha kumenya viazi.

"Kwetu mtumbwi haikai inje ya maji," Elia akasema. "Haikauke hata. Donc, ile sikuiwaza." Kisha akaniangalia. "Lakini kaka, pamba haiko shida. Ulinificha."

Kesho yake alikuja mwenyewe kuing'oa ile pamba, uzi kwa uzi. Bwana Ray akabadilisha mbavu, akaweka pamba nyingine kwa kulegeza, akaiacha boti mtoni imefungwa kando, imejaa maji, inywe hadi mbao zikutane. Kazi ilikula majira yote ya joto. Baba alikaa majini siku moja tu mwaka ule, majani yakianza kuanguka, amevaa koti zito, Elia akipiga makasia. Aliongea tangu tulipoondoka mpaka tuliporudi. Ndugu yangu wa Louisville bado anasema nilimwaibisha Elia, na pengine kidogo ni kweli.

Basi mwanangu, ukiwa na boti, au paa, au gari, mtafute anayeijua kazi hiyo kwa hali ya hapa unapoishi, maana ujuzi nao una maji yake. Mwache aikague kabla hujamuuliza itakwisha lini. Ukishamkabidhi, usimfungulie mwingine mlango wa nyuma. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Na ndugu anayejitolea kwa upendo, mwambie ukweli siku ile ile, usoni pake. Atanuna, lakini kununa kuna mwisho.

Mungu akujalie ulimi usioogopa ukweli, na mikono ya watu waaminifu chini ya kila ubao utakaoukanyaga. Uende salama, na wa kwako wakuone ukirudi.