Fuso la Kukodi

Juzi, nikisubiri kopi za mtihani kwenye duka la kutoa kopi mjini Kasulu, nilimsikia dereva mmoja akimsomea mkewe mkataba wa kukodi lori aina ya fuso. Wakishindwa kulipa, shamba lao la mihogo la Heru Juu linachukuliwa.

"Nitajitegemea, mama. Hakuna bosi wa kunifokea tena."

"Likiharibika?"

"Natengeneza mimi."

"Likikwama wiki nzima njia ya Nyakitonto?"

"Kodi inahesabiwa."

"Basi bosi wako atakuwa tope, baba."

Mume alicheka peke yake. "Nisiposaini nitafanya nini? Gari nililokuwa naendesha limeuzwa."

Mkewe alikunja ncha ya kanga, akaikunjua, kisha akaomba kalamu, maana sahihi yake nayo ilitakiwa.

Miaka yote nawaambia watoto darasani wapime kwanza, ndipo wachague. Wale wawili walipima vizuri kabisa. Cha kuchagua ndicho wasichokuwa nacho.