Hayati Namba Ishirini na Saba

Valerian Nikodemu ana tabia moja ambayo mkewe Yustina ameshaacha kuigombeza: anauliza. Mpe kazi ya kuchonga jina la mtu, atataka kujua mtu huyo ni nani, katokea wapi, kafanya nini hapa duniani, na ni nani atakayesimama kulisoma hilo jina. Wateja wengine huchoka, wakaenda kwa fundi wa kibanda cha pili, ambaye haulizi kitu na herufi zake zimelala upande. Waende tu.

Kibanda chake kipo Kibamba, hatua chache kutoka barabara ya Morogoro. Aliingia Dar kutoka Newala mwaka themanini na tisa, na patasi nne za baba yake zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. Miaka ya mwanzo alichonga vinyago kama wenzake wote wa kusini, vikachukuliwa na wazungu, vikaenda asikokujua. Hilo lilimkera. Alitaka kazi ambayo mwenye nayo unamjua, ndipo akahamia kwenye majina: vibao vya milangoni, vya shule, vya makanisa, na zaidi misalaba ya makaburi.

Misalaba ina sheria yake, na sheria hiyo aliikuta kwao. Mzee Nikodemu, baba yake, aliwahi kuchonga msalaba wa mtu aliyekwenda kukata mkonge Tanga, habari zikaletwa kuwa amekufa. Msalaba ukasimikwa. Mwaka wa pili mwenye msalaba akarudi kwa miguu yake miwili, akausoma, na tangu siku hiyo hakumsalimia tena mzee Nikodemu mpaka alipokufa kweli. Kuanzia hapo, katika nyumba ile, jina la marehemu hulichongi mpaka uwe umefika kwa wenyewe, umewapa pole na kuomba ruhusa. Ukipewa karatasi tu, bado hujapewa kazi.

Sasa, mwezi wa saba, akaja kijana nadhifu mwenye tai, anaitwa Augustine, katibu wa chama cha watu waliosoma chuo kikuu kimoja kikubwa cha serikali. Chama kilitaka ubao wa mninga wa kutundika ukumbini, wenye majina ya wahitimu wake arobaini mashuhuri, uzinduliwe Jumamosi ya tatu kutoka siku ile. Akatoa orodha, kila jina na maelezo yake mafupi. Akasema hakuna cha kufikiria, mzee anakili tu.

Anakili tu! Hapo ndipo alipomchokoza.

Jioni ile Valerian aliisoma orodha kwa sauti huku Yustina akichambua mchicha. Yeye aliishia darasa la saba, na siku zote aliamini ukitoka chuo kikuu unakwenda moja kwa moja kuwa waziri. Kumbe wapi. Humo mlikuwa na mama aliyetafuta mbegu ya muhogo isiyopata ugonjwa wa batobato, na mwalimu aliyefundisha wasioona hesabu kwa miaka ishirini na sita, na bwana mmoja aliyezipima chemchemi za Uluguru zote kwa miguu. Valerian akauliza, mtu anakuwaje mashuhuri halafu yeye hajawahi kumsikia? Yustina akamjibu kwamba hata wao hawajawahi kumsikia yeye, na nusu ya misalaba ya makaburi ya Kibamba kaichonga yeye. Valerian aliona jibu hilo lina haki, akaendelea kusoma.

Majina sita yalitanguliwa na neno "Hayati". Hao ndio waliompa kazi. Wawili aliwapigia ndugu zao simu, Songea na Bukoba. Wengine watatu aliwafuata mjini humu humu. Buguruni mjane alimkalisha mpaka akala, akamsimulia marehemu mume wake kuanzia alivyokuwa akikoroma. Akabaki mmoja, namba ishirini na saba: Hayati Dk. Rukaiya Mbwana, mtafiti wa samaki, aliyebuni jiko la kukaushia samaki linalotumia nusu ya kuni. Huyo hakuwa na namba ya simu ya ndugu. Augustine alijua kitu kimoja tu, kwamba kwao ni Kunduchi.

Jumatano, siku tatu kabla ya uzinduzi, Valerian alinunua kilo mbili za sukari ya kupeleka msibani, akaenda Kunduchi.

Wakamwelekeza kwenye banda moja karibu na soko la samaki, ambako wanawake walikuwa wanapanga vibua kwenye majiko ya udongo marefu kama makabati. Kwenye jiko la mwisho alichutama mama mmoja wa miaka sabini na kitu, kanga kiunoni, masizi mpaka kwenye viwiko, anachungulia moto. Valerian akawaamkia wote, akatoa sukari, akasema kwa ile sauti yake ya msibani kwamba anatafuta nyumbani kwa marehemu Daktari Rukaiya Mbwana, awape pole kwa kuchelewa.

Wanawake wakatazamana. Yule mama akainuka taratibu, akajifuta mikono.

"Marehemu Rukaiya kwetu yuko mmoja tu, na yule hakuvuka darasa la nne," alisema. "Aliyesoma ni mie. Nani kakwambia nimekufa?"

Valerian alibaki na sukari yake mkononi. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Mama Rukaiya mwenyewe hakucheka. Alimvutia mgeni kigoda, akaipokea sukari akisema sukari hairudishwi, na akaagiza chai.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Ukoo wao una desturi ya kurithisha jina la bibi, kwa hiyo Rukaiya Mbwana walikuwa wawili, yeye na binti wa baba yake mdogo. Miaka sita nyuma yule mwenzake alifariki, tangazo likasomwa redioni, na watu wa chuo wakasikia jina. Baada ya wiki mbili ikaja barua ya rambirambi, imeandikwa vizuri kabisa, na mihuri yake yote. Mama Rukaiya aliisoma mwenyewe. Ilisema alikuwa hazina ya taifa.

Valerian akauliza, kama kawaida yake, kwa nini hakuwajibu.

Mama alikoroga chai muda mrefu kuliko sukari iliyokuwemo. Akasema alistaafu utafiti miaka kumi na saba iliyopita, akarudi kwao, akaendelea kujenga majiko na wanawake hawa, na katika muda wote huo hakuna mtu wa chuo aliyemwandikia hata mstari mmoja. Hajaalikwa, hajaulizwa, wala hajatumiwa salamu za Idi. Barua ya kwanza kuipata ikawa ya kumlilia. Ilimuuma. Iliuma hivyo kwa sababu ilikuwa nzuri, alisema, na akaona akijibu kuwa yupo, atawanyang'anya mtu waliyekwishampenda.

Kisha akataka kusikia wameandika nini safari hii. Valerian akamsomea. Akaomba asomewe tena. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na Valerian aliona kwamba anapenda, na kwamba anaona aibu kupenda.

"Basi kaliondoe hilo neno 'Hayati'," alisema mwishowe. "Mengine yako sawa. Nusu ya kuni ni kweli, hata kidogo zaidi."

Jambo dogo, au siyo? Valerian akampigia Augustine palepale, simu ikiwa na spika wazi, kwa sababu masikio yake hayapatani na ile simu. Augustine kwanza alimshukuru Mungu. Kisha akaanza kueleza, na alieleza kwa adabu zote, kwamba marehemu waliingizwa na kamati moja kwa moja, lakini mhitimu aliye hai lazima awe amejaza fomu, amependekezwa na watu wawili, na mwisho ulikuwa mwezi wa nne. Kama Daktari yuko hai, basi jina lake halikufuata utaratibu. Litatoka. Yupo profesa mmoja anayesubiri nafasi. Lingeweza kubaki tu kama, samahani sana mzee, kama lingebaki vilevile lilivyo.

Banda zima lilisikia. Mama Rukaiya alirudi kwenye jiko lake, akasogeza kuni moja ambayo haikuhitaji kusogezwa.

"Niachie hayati wangu," alisema bila kugeuka. "Hayati ndiye wanayemtaka. Mie hai hawana haja na mie."

Valerian aliondoka amenuna. Njia nzima alijiuliza ni shule gani hiyo, mtu asome mpaka atosheke, halafu afundishwe kwamba kuwa hai ni kosa la utaratibu.

Alhamisi alimalizia kuchonga. Yustina alijua mambo si shwari kwa sababu mumewe hakumuuliza kitu chochote tangu asubuhi. Alipofika namba ishirini na saba aliiruka, akaendelea mpaka arobaini, akapiga msasa, kisha akakaa kuutazama ule uwazi katikati ya ubao. Njia zilikuwa mbili. Akichonga "Hayati", amevunja sheria ya baba yake kwa makusudi, amemzika mtu aliyemkaribisha chai. Akimwingiza profesa, amemfuta huyo mama kabisa, na yale majiko yake yatabaki hayana mwenyewe. Alimweleza Yustina yote. Yustina akasema yeye haoni ugumu uko wapi: huyo mama ni mhitimu? Ni mhitimu. Jiko kalibuni? Kalibuni. Kafa? Hajafa. Sasa mchonga herufi anachongaga ukweli au anachongaga fomu?

Ijumaa asubuhi Valerian alishika patasi, akachonga "Dk. Rukaiya Mbwana", na mbele ya jina hakuweka kitu. Alizizamisha zile herufi kwenda chini kuliko zote, karibu robo ya unene wa ubao, kusudi asiyezipenda alazimike kuutupa ubao mzima. Akapaka vanishi. Halafu akampigia mama Rukaiya kwa namba aliyoiomba Kunduchi, akamwambia maneno machache: amemchonga yuko hai, kesho saa nne, na kuja au kutokuja ni hiari yake. Mama alikata simu.

Jumamosi ukumbi ulijaa suti. Valerian alipewa kiti cha nyuma, na ubao ulikuwa mbele umefunikwa kitambaa cha bluu, kama alivyouleta. Hajakaa vizuri akamwona. Safu tatu mbele yake, mama Rukaiya amevaa gauni la kijani na mtandio, kaketi peke yake. Ghafla hakuwa na uhakika kama amemtendea wema au amemleta kwenye fedheha.

Mwenyekiti wa chama akawaomba wote wasimame dakika moja kuwakumbuka sita waliotangulia mbele ya haki. Wote wakasimama. Mama Rukaiya naye akasimama, mikono kifuani, akajikumbuka kwa dakika nzima. Valerian alitaka kucheka na alitaka kulia, akaishia kukohoa.

Kitambaa kikavutwa, watu wakapiga makofi, na Augustine akaanza kusoma orodha yake. Aliye hai alikwenda mbele kupokea cheti. Cha aliyefariki kilipokelewa na ndugu. Ikafika namba ishirini na saba. Augustine alisita kidogo. Hakuna aliyemwambia vingine, kwa hiyo karatasi yake aliiacha kama ilivyokuwa, akasoma "Hayati", akasoma habari ya jiko na kuni, kisha akauliza kama kuna mwakilishi wa familia, kwa sauti ya mtu anayeomba asiwepo.

Mama Rukaiya alitembea mpaka mbele bila haraka. Mwenyekiti, aliyekuwa hajui lolote, alimpokea kwa mikono miwili, akampa pole, akamsogezea kipaza sauti amuulize yeye ni nani wa marehemu.

"Ni wa karibu sana, baba," alisema mama. "Mie ndiye mwenyewe."

Mzee mmoja wa safu ya mbele alivua miwani, akaivaa tena, akamwita mama kwa jina la utani la bwenini, naye akamwitikia. Augustine alitazama karatasi, akamtazama mama, akautazama ubao, na hapo ndipo alipoona kwamba neno halipo na kwamba herufi zimezama kiasi kile. Aligeuka kumtafuta fundi kwa macho. Valerian hakuyakwepa.

Basi kijana wa watu akafanya kile anachokijua. Akamnong'oneza mwenyekiti, kipaza sauti kikiwa bado wazi, kwamba kwa walio hai kuna fomu, na fomu haikujazwa. Mwenyekiti, jasho likimtoka, akasema ijazwe sasa hivi, italetwa kalamu, na tarehe wataitazama wao. Fomu ikatolewa kwenye faili, ikawekwa mezani mbele ya watu wote. Mama Rukaiya akavaa miwani yake, akaisoma kuanzia juu mpaka chini, akafika pale pa kuandika mtu amefanya nini tangu ahitimu. Palikuwa na mistari mitano.

Akairudisha kwa Augustine.

"Mistari mitano inamtosha yule aliyekufa, mwanangu," alisema. "Mie bado nipo. Niletee karatasi za kutosha."