Mashine ya Kufulia Iliyovuja Mlangoni

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka nyonga hii huniuma upya. Keti, usikimbilie kuondoka. Siku hizi nazungumza polepole, pumzi zangu si za kukimbia, na jambo hili nikilikatiza kati sidhani nitapata nguvu ya kulianza tena.

Nilikuwa nimeolewa Mishomoroni, katika nyumba ya watu wanaojulikana. Baba mkwe wangu, Mzee Athmani, aliuza vitambaa maisha yake yote, kisha akafunga duka akakaa nyumbani. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, na kanzu yake hungeiona na kikunjo. Mkewe, Bi Salma, nilimkuta mzima, akanipokea kama bintiye. Haukupita muda mrefu akapooza. Mkono na mguu wa kulia vikalala, ulimi ukawa mzito, na haja akawa hawezi tena kuzizuia.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya masafa, leo yuko Malaba mpakani, kesho hujui yuko wapi. Mwenye kubaki na mgonjwa alikuwa mimi. Nami mwenyewe nilikuwa mjamzito, mimba yangu ya kwanza.

Mashuka, mwanangu. Watu huzungumzia dawa na chakula cha mgonjwa, mashuka hawayataji. Niliyafua kwa mkono uani mpaka ngozi ya vidole ikawa inabanduka. Wifi yangu aliyekuwa akifanya kazi Uarabuni akasikia, akatuma mashine ya kufulia, ile yenye mlango wa kioo mbele. Ilikuwa imeshatumika huko, lakini ilifua. Wallahi siku ya kwanza ilipozunguka nilisimama mbele yake nikatokwa na machozi. Tukaiweka kwenye ujia mwembamba kati ya jiko na chumba cha mama, kwa kuwa maji ya tangi la juu yalifika hapo.

Basi ikaanza kuvuja mlangoni. Mwanzo yalikuwa matone, nikaweka kitambaa. Kitambaa kikashindwa, nikaweka sinia. Mume wangu nikimpata kwenye simu huniambia, "Nikirudi nitaitazama, inshallah," kisha mtandao unakatika. Baba mkwe alipita pale kila siku. Nilimwona akiinua kanzu kidogo na kuruka mchirizi wa maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa aendeleaje?"

"Hajambo kidogo."

Mazungumzo yetu yaliishia hapo. Ningemwambiaje mzee yule kwamba mashuka ya mkewe yamenishinda? Nililelewa kumteremshia mkwe macho. Kumtuma kazi hata sikuwahi kuwaza.

Siku ninayokwambia, tumbo lilimvuruga Bi Salma tangu asubuhi. Nilibadilisha mashuka, nikabadilisha tena. Mashine ilikuwa inazunguka, na mimi jikoni napoza uji wake. Akaita kwa sauti ile yake isiyo na maneno. Nikatoka mbio na bakuli mkononi, chini sikutazama. Maji yalikuwa yameshafika mlango wa chumba chake. Mguu ukateleza, nikaanguka kwa ubavu, uji wote chini.

Mfupa haukuvunjika. Lakini sikuinuka. Nilizitafuta nguvu za kuinuka, nikazikosa. Maji yanapita chini yangu, mama anaita, mashine inanguruma, nami nimekaa nimeshika tumbo namsubiri mtoto acheze. Hachezi.

Mzee Athmani ndipo alipoingia, anatoka kuswali adhuhuri.

"Zuhura!"

"Abee, baba." Niliitikia kwa adabu zote, nimekaa ndani ya maji. Leo hilo hunichekesha.

Akazima umeme wa mashine kwanza, ukutani. Kisha akaninyooshea bakora yake niishike, maana mkono wa mkwewe aliuonea haya hata saa ile, akanivuta mpaka nikasimama. Akaniketisha, akatoka nje kichwa wazi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akamwita jirani yetu Mama Kadzo, aliyekuwa mkunga kabla ya kustaafu.

Mama Kadzo aliweka mikono yake tumboni kwangu, akakaa kimya. Kimya kile sitaki kukieleza. Kisha mtoto akapiga teke, na mimi nikalia kwa sauti bila kujali nani anasikia.

"Mtoto hana neno," Mama Kadzo akamwambia mzee. "Mwenye neno ni mama yake. Huyu amechoka, Mzee. Amechoka muda mrefu."

Akaenda kumsafisha Bi Salma, akatuacha. Mzee Athmani akakunja kanzu yake, akashika dekio, akaanza kukausha ujia. Alikuwa hajui hata kulikamua. Nilitaka kumnyang'anya, akanikataza kwa jicho. Alipomaliza akavuta kiti, akakaa mbali kidogo na mimi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuonea haya, baba."

Akaikunjua kanzu yake. Kisha akasema taratibu, bila kunitazama, "Heshima gani hiyo, mwanangu, ya kuniacha niruke maji ndani ya nyumba yangu? Mimi nina macho, na Mungu ataniuliza niliyatumiaje. Lakini wewe una ulimi. Ungeniambia, 'Baba, nimeshindwa,' ningekasirika?"

"Sijui, baba."

"Hujui kwa sababu hukujaribu. Nami sikukuuliza, kwa kuwa niliogopa utanijibu. Tumekosa sote. Lakini aliyeanguka ni wewe peke yako."

Maneno hayo nimeishi nayo.

Asubuhi yake akavaa kikoi, akakaa sakafuni mbele ya mashine. Akaufungua mlango, akapitisha kidole ndani ya mkunjo wa raba ile ya duara inayozuia maji. Akatoa mchanga, akatoa nywele, akatoa na pini ya mtandio. Chini kabisa, pini ilipokuwa imelala, raba ilikuwa imechanika. Akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakibandika kwa gundi, akaiacha ikauke. Tukafua mara ya kwanza, pakavu. Tukafua mara ya pili, maji yale yale.

Nilidhani ataacha. Aliing'oa raba yote, akaitia mfukoni, akaenda nayo sokoni Kongowea kwa wauza spea, duka hadi duka, akiipima, mpaka akaipata iliyolingana nayo. Kuirudisha ndiko kulikomtoa jasho. Iko waya ya mviringo yenye springi ndogo, ndiyo inayoibana raba isitoke. Akiiingiza huku, inachomoka kule. Kila ikichomoka husema, "Lahaula!"

Mara nikasikia sauti chumbani, nikadhani Bi Salma anapaliwa. Nikaenda, taratibu safari hii. Alikuwa anacheka. Upande mmoja wa mdomo unacheka, na machozi yanamtoka. Tangu apooze sikuwa nimemsikia akicheka. Mzee akaja akasimama mlangoni, mikono michafu.

"Unanicheka, Salma?"

Ndiyo kwanza akazidi.

Mwishowe waya ikakubali kukaa. Tukaizungusha mashine tupu, bila nguo. Mzee Athmani aliweka kiganja chake chini ya mlango, akakaa hivyo mpaka ikasimama. Akakigeuza, akanionyesha. Kikavu.

Tangu siku ile mashuka yakawa yake. Alifua, akapangusa raba, akauacha mlango wazi upate hewa. Mama Kadzo akamfundisha kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Mimi nikapata kulala mchana. Mwanangu wa kwanza akazaliwa salama, Bi Salma akampakata kwa mkono wake mzima. Hakuishi kumwona akitembea. Wanaume walipotoka kumzika, niliyakusanya mashuka yake ya mwisho nikayafue, mzee akaniambia, "Hayo niachie mimi." Akakaa mbele ya kile kioo akiyatazama yanavyozunguka, na hakuna aliyemsemesha.

Sikudanganyi kwamba uchovu uliisha. Nilichoka baadaye pia, kwa watoto, kwa mume alipougua, na hata sasa nimechoka. Lakini sikuchoka tena kimya kimya.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Mzigo ukikuzidi, sema. Sema mapema, ungali na sauti ya upole, kabla hujafika pa kupiga kelele au pa kuanguka. Usijifiche nyuma ya heshima. Wanaokupenda hawaheshimiki kwa wewe kuumia. Na unayemwambia akikunyima msaada, mwambie mwingine. Mungu hakuweka watu wote nyumba moja.

Nawe kijana wa kiume uliyekaa pale mlangoni, unayesikiliza huku umeshika simu, jambo lako ni fupi. Usingoje kuambiwa. Ukiona unainua nguo ili upite, simama, uulize nani amekuwa akikausha hapo. Kazi usiyoijua utajifunza. Utaharibu mara ya kwanza, pengine na ya pili, na hakuna atakayekufa kwa hilo. Mtu huweza kufa kwa kuachwa peke yake.

Nimesema ya kutosha. Mungu akupe nyumba yenye watu wanaoulizana hali na kungoja jibu. Akupe ulimi wa kuwaita, na wao masikio ya kukusikia. Siku utakayochoka, na utachoka, akuletee mtu wa kukwambia, "Leta, nishike mimi," nawe akupe moyo wa kumwachia. Amina, mwanangu. Nenda salama.