Mke Niliyempata Mafunzoni

Mafunzo yetu pale Msambweni yalikuwa ya kuchanganya watafiti wa kila fani. Mimi wa isimu, mzaliwa wa Diani, niliunganishwa na daktari kijana, mwanamke kutoka bara, ili tujifunze pamoja jinsi mazungumzo yanavyowasaidia wazee kubaki na afya. Tulipatana upesi, maana sote wawili tulipenda ubishi.

Siku ya mazoezi, ukumbini mbele ya wenzetu na wakufunzi, aliletwa bibi mmoja wa Mwabungo, masikio mazito, amejitanda leso mpya kabisa kwa ajili yetu. Alikuwa anataka kifaa cha kusikilizia, na alikitaka kwa moyo wote. Lakini kwanza daktari alipaswa kumpima kumbukumbu. Akionekana amechanganyikiwa, angerudi nyumbani mikono mitupu. Mimi niliruhusiwa salamu tu, kisha nifunge mdomo mpaka kipimo kiishe.

"Shikamoo, bibi."

Akaitazama midomo yangu. "Marahaba, mume wangu! Leo umenikumbuka?"

Daktari akainua nyusi. Akauliza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya kivuko, "Bibi, mume wako yuko hai?"

"Si huyu hapa! Tangu juzi ameniacha na njaa, kumbe anazunguka na wewe. Mke mwenzangu, hebu mwambie aniletee hata kilo ya mchele!"

Mtu yeyote wa kwetu angejua. Kwa bibi, mjukuu ni mume, awe wa damu au wa jirani, na bibi asiyekutania bado hajakupenda. Lakini uso wa daktari wangu ulijaa huruma tupu. Akaninong'oneza, "Maskini, amepotea kabisa."

Nilikuwa nimeuma kola ya shati, machozi ya kicheko yananitoka, na papo hapo roho iko juu, maana kifaa cha bibi kilikuwa kinakwenda hivihivi. Nikashindwa. Nikapaza sauti, "Ni utani, daktari! Mimi ni mume wa mabibi wote wa pwani hii!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mkufunzi mkuu akiwa wa kwanza. Daktari alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kipimo kikaanza upya, na bibi akajibu kila swali bila kusita. La mume alilijibu kwa utulivu, akasema amefiwa, akamwombea marehemu rehema.

Kifaa kikawekwa sikioni. Akainua uso, anasikiliza feni ya darini. Nikamwuliza, kwa sauti yangu ya kawaida, kwa nini alitania vile katikati ya mtihani.

"Mume wangu," akasema, "nikianza mimi, mnacheka, nami nacheka nanyi. Mkianza nyinyi sisikii kitu. Nacheka tu, nisionekane mjinga."

Nilitamani kulia na kucheka kwa pamoja. Daktari alikuwa bado anafuta macho. Bibi akamgeukia, akajiweka sawa kitini.

"Haya, mke mwenzangu. Sasa anza wewe."