Dada Arobaini na Moja na Harusi ya Jumamosi Moja

Darasa letu la kidato cha pili kule Kilolo lilinuka masweta mabichi. Mwezi wa saba ukungu hauondoki mpaka saa nne, na sisi wa vijijini tulifika tumelowa chapachapa, tukabanana kwenye madawati tukinuka moshi wa kuni. Kiingereza chetu kilikuwa cha kukariri, na tulikariri kwa bidii kweli! Kila mmoja alikuwa na barua moja kichwani, ya kumwalika rafiki kwenye harusi ya dada. Mtihani ukiuliza barua yoyote, tunaimwaga hiyo hiyo.

Siku moja Madam Sekela, mwalimu wetu wa Kiingereza, Mnyakyusa mrefu mwenye sauti ya kwaya, alituambia tumwandikie mkuu wa shule kuomba ruhusa ya kwenda hospitali. Kesho yake akarudi na barua zetu. "Jamani, dada arobaini na moja wanaolewa Jumamosi moja, na wote wanaitwa Rehema! Sasa pilau nikale kwa nani?" Tulicheka mpaka machozi. Kisha akagawa karatasi tupu, kila mtu aandike jambo moja la kweli la nyumbani kwao, hata kwa maneno matano.

Mimi la kweli nilikuwa nalo, na liliniuma. Baba alikuwa ameamua kwamba viazi vikishavunwa ninaacha shule, naenda Mbalizi kumsaidia shangazi kwenye mgahawa wake. Nyumbani hakuna aliyethubutu kumpinga. Basi nikaandika, sentensi zote zimepinda: baba ananitoa shule, mimi sitaki, mimi nataka kuwa mwalimu. Nikaikunja karatasi mara mbili, nikaikabidhi.

Madam hakusahihisha hata neno. Jioni ile ile alipanda kilima mpaka kwetu, viatu mkononi kwa sababu ya matope, akamkuta baba anajaza viazi kwenye magunia.

"Kamwene, baba," akamsalimu kwa Kihehe, akampa karatasi. "Wenzake wameniandikia habari za ng'ombe na mvua. Binti yako kaniandikia maisha yake."

"Kaandika mwenyewe? Kizungu hiki?"

"Mwenyewe. Kibovu, lakini cha kwake. Anasema usimtoe shule."

Baba hakujua kusoma Kiingereza, lakini alifuta udongo mikononi, akaipitisha kidole ile karatasi mstari kwa mstari. "Haya," akasema mwishowe. "Shangazi yake atatafuta mtu mwingine." Nilikimbilia nyuma ya jiko nikalia kwa furaha, nikasahau hata kuaga mgeni.

Leo nafundisha Kiingereza Uyole, na nafundisha vizuri, niseme tu. Wanafunzi wangu wananakili insha kwenye simu za wazazi, zinakuja zimenyooka kuliko zangu za wakati ule, ila humo ndani simwoni mtoto. Hizo nazirudisha. Wananiita mkali, na ni kweli. Lakini ikinifikia barua mbovu inayosema mtu anaozeshwa, au anapelekwa Usangu kuchunga, naweka kalamu chini na kuulizia njia ya kwao. Nimeshakwenda kwa wanne. Watatu wako darasani. Baba wa yule wa nne alinifungia mlango, na Jumamosi hii narudi.