Mama mkwe alivunjika nyonga nikiwa bwawani, na ndiye anayenifichia siri

Admin, nifiche tafadhali, maana wifi zangu wote wanasoma ukurasa huu. Majina nimebadilisha.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba. Naishi mtaa wa Mbotela na mume wangu, fundi wa magari, pamoja na mama yake mzazi ambaye tulimleta kutoka kijijini kwao Western miguu ilipoanza kumsumbua. Watoto wetu wameshatoka nyumbani, wanajitegemea. Nashona nguo kwenye kiwanda kimoja Industrial Area tangu nikiwa msichana. Kule ukiingia unaacha simu kwa askari wa geti, unaichukua ukitoka. Kwa hiyo nyumbani wamezoea kwamba nikiwa kazini sipatikani. Hilo ndilo lililoniponza.

Mwaka huu nilichoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Nilikuwa naingia choo cha kiwandani, nafunga komeo, nakaa tu, kwa sababu huo ndio mlango pekee maishani mwangu ambao ningeweza kuufunga kwa ndani. Msimamizi akigonga, naosha uso natoka. Nyumbani ni kupika na kumwogesha Mama. Kukiwa na msiba kanisani, wa sufuria ni mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisifiwa sana mpaka nikashindwa kukataa.

Basi kiwanda kikaondoa zamu ya Jumamosi. Siku tulipoambiwa nilirudi nyumbani nikiwa na nia ya kusema, lakini kabla sijafungua mdomo mume wangu akaniambia, "Mama Sharon, kesho ukitoka job pitia kwa Auntie. Ako na wageni na hana mtu wa jikoni." Nikameza maneno yangu. Asubuhi nikavaa kama siku zote, nikamuaga Mama, nikaondoka.

Mwenzangu wa kiwandani ndiye aliyenipeleka mtaa wa Fedha, kwenye bwawa ambapo msichana wa rika la binti yangu hufundisha akina mama kuogelea. Mara ya kwanza niliona aibu hata kuvua leso. Lakini siku niliyolala chali na maji yakanibeba, nililia. Sikumbuki ni lini kitu kingine kiliwahi kunibeba mimi. Tangu hapo kila Jumamosi nikawa "kazini". Nikirudi nafunga kitambaa kichwani, nywele zisionekane zimelowa.

Jumamosi moja nilikuwa nimechelewa. Nilifua mbio mbio, nikaanika nguo nje, nikamwachia Mama chai na redio, nikamwomba jirani yetu Mama Kevo awe akimchungulia. Mvua ikaanza. Mama, kwa kunihurumia kwamba niko kazini na nguo zangu zinalowa, akatoka kuzianua. Akateleza pale kwa bomba, akavunjika nyonga.

Mama Kevo alinipigia, simu imezimwa kama kawaida. Akapanda boda mpaka kiwandani, akakuta geti lina kufuli. Nilipofika hospitalini jioni, mume wangu aliniuliza mbele ya ndugu zake, "Job gani hiyo na geti imefungwa? Ulikuwa na nani?"

Naapa ingekuwa rahisi kusema nina mwanamume, hilo wangelielewa. Lakini mke wa mtu, mwenye umri wangu, kucheza majini huku mama mkwe akianguka matopeni? Nilisimama pale kama mwizi aliyeshikwa.

Ndipo sauti ikatoka kitandani. "Wewe, mwache. Ni mimi nilimtuma soko la Gikomba anitafutie blanketi."

Mume wangu habishani na mamake. Kesho yake aliniomba msamaha. Akina mama wa kanisa wakaja kuniombea, wakisema hakuna mkamwana kama mimi, nami nikaitikia amina huku natamani ardhi inimeze.

Sasa Mama yuko nyumbani, bado hajaweza kusimama. Juzi nikimwogesha nilishindwa kuvumilia, nikapiga magoti kando ya karai nikamwambia yote. Akajifuta povu usoni.

"Unafikiri sina pua? Kila Jumamosi ulikuwa unarudi unanuka dawa ya maji. Nilijua si kiwanda. Sikujua tu ni nini."

"Na kama ingekuwa mwanamume, Mama?"

"Ningengoja nipone, nikuchape." Akacheka mpaka nyonga ikamuuma. Kisha akasema, "Mimi nikiwa msichana nilikuwa navuka mto Nzoia, nguo ziko juu ya kichwa. Nikaolewa, nikaambiwa mke wa mtu hachezi majini. Sasa wewe, unaelea?"

"Naelea, Mama."

"Basi Jumamosi uende. Mama Kevo atakaa na mimi."

Ndugu zangu, kinachoniuma ni hiki: nilifurahi kabla sijahuzunika. Mwanamke ambaye huenda asitembee tena, kwa nguo nilizoanika mimi, ananipa ruhusa, na moyo wangu unaruka kama wa mtoto. Mtu wa aina gani huyo? Nikimwambia mume wangu ukweli, atajua mamake alimdanganya mbele ya ndugu zake wote, na uzeeni heshima ndiyo mali pekee aliyobaki nayo. Nikinyamaza niende, kila nikizama nitamwona pale kwa bomba. Nikiacha kabisa, najua nitarudi kwenye kile choo, na safari hii sijui kama nitafungua nikigongewa.

Msinitukane, kazi hiyo nimeshajifanyia mwenyewe. Nishaurini tu. Vazi langu la kuogelea nimelifua leo, nimelianika humu ndani, chini ya gauni la Mama ili mume wangu asilione. Kesho ni Jumamosi. Niambieni nilivae au nilichome, kabla halijakauka.